Gazeti la Jeevanjee na Ukurasa Wangu

Jumatatu iliyopita jamaa mmoja alinipigia simu akitaka kununua ukurasa wangu wa Facebook. Shilingi 50,000, kwa M-Pesa, siku hiyo hiyo. Anataka kugombea kiti, na anajua watu 12,000 wa Malindi, Watamu na Kilifi wananisoma: bei ya samaki, maji yaliyokatika Kisumu Ndogo, barabara iliyochimbwa ikaachwa.

"Wewe utaendelea kuandika," akaniambia. "Mimi nitakuwa nakwambia tu cha kuandika."

Niliacha chuo mwaka wa pili. Deni langu la karo ni 38,000. Hesabu niliimaliza kabla hajakata simu.

Usiku, usingizi umegoma, nikamkumbuka Alibhai Mulla Jeevanjee. Wengi wanamjua kwa ile bustani ya Nairobi yenye jina lake. Mimi namjua kwa gazeti.

Alizaliwa Karachi mwaka 1856, Bohora, akaja Mombasa mwaka 1890. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka 1896, kampuni yake ilileta vibarua kutoka Bara Hindi. Pesa ikaingia kwelikweli. Simfanyi mtakatifu: vibarua karibu 2,500 walikufa kwenye reli ile. Lakini mwaka 1902, pale pale Mombasa, akafanya jambo ambalo matajiri wenzake hawakulifanya: akaanzisha gazeti la kila wiki, African Standard, na kumwajiri Mwingereza, W. H. Tiller, awe mhariri.

Mwaka 1905 akaliuza kwa Waingereza wawili. Wakalipa jina jipya, East African Standard, na mwaka 1910 likahamia Nairobi. Ndilo The Standard la leo.

Sasa sikiliza. Gazeti lile likawa sauti ya walowezi, wale wale waliotaka Mhindi asimiliki shamba nyanda za juu. Jeevanjee akaingia Baraza la Kutunga Sheria, mtu wa kwanza asiye Mzungu kukaa humo, lakini gazeti halikuwa lake tena. Mwaka 1912 akatoa kijitabu cha kuwatetea Wahindi wa Afrika Mashariki. Kilichapwa Bombay. Mtu aliyekuwa na gazeti lake Mombasa, sasa maneno yake yanavuka bahari kutafuta mtambo.

Na sisi wa huku je? Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alipokuwa akiwakusanya Wagiriama wakatae kodi na kazi za kulazimishwa, hakuwa na gazeti. Alikuwa na ngoma ya kifudu na miguu yake mwenyewe. Hakuna aliyeweza kumnunulia ngoma ile, kwa hivyo serikali ilimkamata yeye.

Jeevanjee alifariki mwaka 1936, utajiri wake mwingi umeshayeyuka. Bustani aliyowapa watu mwaka 1906 bado ipo. Mwaka 1991 ilitaka kugeuzwa jengo la maegesho ya magari. Mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama na wenzake, na mpango ukafa. Leo watu hukaa kwenye viti vyake wakibishana siasa bila kumwomba mtu ruhusa. Alichouza kiligeuka kikamsema vibaya, na alichotoa bure ndicho watu wanachosemea.

Asubuhi nikamweleza mama, akiwa anageuza viazi vya karai. Sikumtaja Jeevanjee, nilimtajia zile 50,000 tu. Akanyamaza mpaka viazi vikaiva.

"Mwanangu, pesa tunaihitaji, sikufichi. Lakini maji yakikatika, huyo mtu wako atakubali uandike?"

Nikasema sijui.

"Basi muulize."

Jumatano nikampigia. Nikamwambia matangazo nitamuuzia, kila moja na jina lake juu, ila ukurasa hauuzwi. Kisha nikamuuliza lile la maji. Akacheka, akasema mimi kijana sijui maisha, akakata.

Pengine ni kweli. Deni bado ni 38,000, na mama hajalizungumzia tena, jambo linaloniuma kuliko angenigombeza. Leo alfajiri mifereji ya Kisumu Ndogo imekauka tena. Nimeandika saa kumi na mbili na robo, kabla ya chai.