Kupotea Njia Chang'ombe

Kila mwaka masomo yafunguliwapo, mjini Dar es Salaam huonekana vijana wenye masanduku wamesimama njia panda, wakitazama huku na huku kama kuku mgeni mwenye kamba mguuni. Hao ni wanafunzi wapya wa Chuo Kikuu. Vituko vyao vyachekesha, walakini mna fundisho ndani yake kwetu sisi wazazi na walimu.

Chanzo cha kupotea ni majina. Chuo kilianza mwaka 1961 katika jumba la TANU, mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, yapata kilomita 13 kutoka katikati ya mji. Tena mwaka 2005 chuo cha ualimu cha Chang'ombe, huko Temeke, kilipandishwa daraja kikawa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, chini ya kile cha Mlimani. Basi kijana atokaye bara, aonapo barua yenye jina la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hudhani ni mahali pamoja tu. Huomba apelekwe Chuo Kikuu, naye mwenye gari, mtu mwaminifu, humpeleka Mlimani! Huko huambiwa jina lake liko Chang'ombe. Hana budi kuvuka mji mzima.

Afikapo Chang'ombe, mambo hayajaisha. Akiuliza, "Chuo kiko wapi?" huenda akaonyeshwa chuo cha ufundi cha VETA, maana nacho ni chuo, nacho kiko Chang'ombe. Akiambiwa ashuke Uwanjani, viwanja ni viwili: Uhuru wa zamani, na ule mkubwa uliofunguliwa mwaka 2007, uitwao Benjamin Mkapa tangu mwaka 2020. Na ikiwa siku hiyo Simba na Yanga wanacheza, wimbi la watu laweza kumchukua hata mlangoni, akaulizwa tiketi na sanduku lake kichwani.

Wa Mlimani nao wasicheke. Kwao kuna kumbi za masomo ziitwazo Yombo, na Yombo nyingine iko Temeke. Mgeni amwambiaye kondakta, "Nishushe Yombo," asishangae akikuta nyumba za watu na mama wakianika nguo.

Lakini kipotezacho zaidi ni haya. Kijana aliyesifiwa kijijini kuwa ndiye msomi, huona aibu kumwuliza muuza karanga njia ya chuoni. Huzunguka jengo lile lile mara tatu, akijifanya anatembea kwa starehe, hata saa ya somo ikapita.

Nao wasomao Chang'ombe wengi wao watakuwa walimu. Siku moja mtoto wa darasa la kwanza atasimama uani, daftari kifuani, machozi yakimlengalenga, hajui mlango wa darasa lake. Heri amkute mwalimu akumbukaye ugeni wake mwenyewe.

Basi wazazi, mwanenu aondokapo, mwambieni aisome barua hata mwisho, tena asione haya kuuliza; kuuliza si ujinga. Nasi wenyeji tukiulizwa, tumfikishe mgeni kwanza, ndipo tucheke pamoja naye.