Mama alikatwa fedha kila mwezi, akaanza kuruka dawa za presha

Niligundua kwa kuhesabu vidonge. Nilikuwa nimekwenda Morogoro kumsalimia mama, na kwa mazoea ya kazi yangu ya kuandika habari za afya, nikachungulia mfuko wake wa dawa za presha. Vidonge vilivyopaswa kuwa vimeisha vilikuwa vimebaki 13.

“Mama, hizi dawa unakunywa kweli?”

“Leo nakunywa, kesho naruka. Zimepanda bei, mwanangu.”

Hazikuwa zimepanda. Nilipita duka la dawa analonunua, bei ni ileile. Nikarudi na hasira kidogo, maana nimeshaandika mara nyingi kwamba dawa ya presha hainywewi kwa kurukaruka: mtu anajiona mzima, kumbe shinikizo limepanda, hadi siku anapopata kiharusi. Mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanipa simu yake bila kusema neno.

Kwenye ujumbe wa benki kulikuwa na makato ya Sh13,000, kisha Sh230,000 mara tatu, kila mwezi, kwa jina la kampuni tusiyoijua. Yote kutoka kwenye akaunti inayoingia pensheni yake.

Aliona tangazo la vidonge vya maumivu ya magoti: chupa ya kwanza bure, lipia usafirishaji tu. Akajaza namba za kadi, zile tatu za nyuma, na namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu. Chupa haikufika. Chini kabisa ya ukurasa, kwa maandishi madogo, kulikuwa na kiboksi ambacho tayari kilikuwa na alama ya vema: baada ya siku 14, mteja atatumiwa chupa kila mwezi na kukatwa bei kamili.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ningekuambiaje, na wewe ndiye unayewaandikia watu wasinunue dawa mitandaoni?”

Sikuwa na jibu. Mama aliona heri aruke dawa kuliko kunisikia nikimwambia “si nilisema”.

Jumatatu tulikwenda benki. Njiani nilimshauri aseme kadi iliibwa, nikidhani ndiyo njia fupi. Mama ni mwalimu mstaafu, alikataa katakata. “Namba niliziweka kwa mkono wangu.”

Ukweli huo ndio uliotusaidia. Mhudumu alitueleza kuwa kuna muamala ambao mwenye kadi hakuufanya kabisa, na kuna ule anaoupinga kwa sababu bidhaa haikufika, au amekatwa kinyume na alivyoelewa. Kila dai lina maelezo na ushahidi wake. Tungedai wizi, kumbukumbu za ile namba ya uthibitisho zingetuumbua.

Tukajaza fomu ya kupinga makato. Tuliambatanisha ujumbe wote wa benki, picha ya tangazo (shoga yake aliyelituma kwenye kundi la WhatsApp bado alikuwa nalo, ashukuriwe), na barua pepe tuliyomwandikia muuzaji palepale kwenye foleni kwamba tunasitisha na tunataka fedha zetu. Kadi ikafungwa, ikaombwa nyingine. Kwa kadi za Visa na Mastercard, muda wa kupinga muamala mara nyingi ni siku 120, hivyo kwa makato makubwa ya kwanza tulibakiwa na wiki chache tu. Aibu ya mama ilikuwa imekula muda mwingi kuliko ile fomu.

Tuliomba namba ya kumbukumbu ya malalamiko. Benki Kuu hupokea malalamiko ya wateja, lakini huuliza kwanza kama umeanzia kwenye benki yako.

Siku mbili baadaye akapiga mtu anayejiita wa “kitengo cha kurejesha fedha”, akitaka asomewe namba itakayoingia kwenye simu. Mama akamwambia, “Subiri nimpe mwanangu, ni mwandishi wa habari.” Simu ikakatwa.

Majibu yalichukua zaidi ya wiki sita. Makato mawili yamerudishwa. La tatu muuzaji amelipinga, akituma yale masharti ya kiboksi, nasi tumejibu kupitia benki. Bado tunasubiri. Siku hizi mama anakunywa dawa kila asubuhi, na mimi nimejifunza kuuliza “umelipa kwa nini?” kwa sauti isiyo ya gazeti.

Wiki iliyopita, nikiwa kwenye kikao, alinitumia picha ya tangazo la sufuria. Nikamwandikia: “Shikamoo mama. Soma mpaka chini kabisa.”

Akajibu baada ya dakika tano: “Marahaba. Nimesoma. Kiboksi kipo.”