Rangi za Mpagazi

Sanaa ya kupaka rangi sanamu ndogo za rezini ni changa kwetu. Mashine huganda rezini kwa mwanga, tabaka juu ya tabaka, mpaka akatokea mtu mrefu kama kidole, mwenye kucha na mikunjo ya nguo, lakini wa kijivu tangu utosini hadi unyayoni. Kumpa rangi ni kazi ya mkono. Mimi, mzaliwa wa Tabora, nimechagua kuwapaka wapagazi wa misafara, na kwa kuwa baadhi ya wanafunzi wangu wameingia katika shughuli hii, nina machache ya kumwambia aanzaye.

Rezini mbichi hudhuru ngozi na macho. Vaa glavu mpaka sanamu imekwisha kuoshwa kwa spiriti, ikakauka, na ikakomazwa kwa mionzi ya urujuanimno. Vijiti vilivyoishikilia hukatwa. Makovu yake husuguliwa kwa msasa mwororo uliolowa maji, maana vumbi lake halifai kuvutwa puani. Ndipo hufuata rangi ya msingi, kisha rangi zenyewe, zilizozimuliwa kwa maji zikawa nyepesi kama maziwa. Mikono miwili myembamba hushinda mmoja mzito, kwani rangi nzito hufukia macho na vidole. Hayo mtu hujifunza kwa juma moja. Ugumu uko katika kujua ni rangi gani ya kupaka.

Ngozi ya Mnyamwezi haimo katika chupa moja. Anza na kahawia nzito iliyotiwa wekundu kidogo, kisha ing'arishe paji la uso, mashavu na mabega kwa rangi ya udongo wa manjano. Usiing'arishe kwa nyeupe tupu: ngozi itapauka kama ya mtu aliyeoga asijipake mafuta. Mabegani acha mng'ao mdogo wa vanishi, maana mzigo wa frasila mbili, yaani kadiri ya kilo 32, hautembei bila jasho.

Nguo nayo ina historia yake. Merikani ilipewa jina la nchi ilikotoka, na kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 nyingi ilifumwa Massachusetts. Haikuwa nyeupe, kwa kuwa haikupaushwa. Ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na baada ya safari ilikuwa na rangi ya njia. Kaniki ni buluu iliyokaribia weusi. Mikunjo yake huinuliwa kwa buluu, si kwa kijivu. Nyekundu itumie kwa uchoyo. Richard Burton, aliyefika Kaze, ilipo Tabora ya leo, Novemba 1857, aliandika juu ya kirangozi aliyevaa joho jekundu na ngozi ya mbega kichwani. Ukimvika kila mpagazi nyekundu, kirangozi wako amepotea katika msafara wake mwenyewe. Na pembe ya ndovu ni ya manjano yenye nyufa za kahawia. Si nyeupe kama bakuli la kauri.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliniletea sanamu yake. Mwili ulikuwa wa kahawia moja, nguo ya kahawia, mzigo wa kahawia, na shingoni duara la rangi ya chuma.

“Huyu ni mtumwa wa nani?” nikamwuliza.

“Si mtumwa, Mwalimu. Ni mpagazi.”

Njia ile ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji iliwapitisha wote wawili. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia kwa jina la njia ya watumwa na pembe, na jina hilo ni la haki. Lakini Wanyamwezi wengi waliipita kwa ujira waliopatana. Walishuka pwani wakati wa kiangazi na kurudi kwao kulima, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006, amewaeleza kuwa wafanyakazi wenye desturi na fahari ya kazi yao. Mtumwa naye apakwe, na apakwe kwa heshima; ila asipakwe kwa sababu mpakaji amechoka kuosha brashi.

Tuliitazama sanamu kwa lenzi. Lile duara la shingoni lilikuwa ukingo mwembamba tu, usiosema neno. Kwa rangi ya chuma lilikuwa mnyororo. Nikamweleza habari za samisami, ushanga mwekundu uliopendwa sana katika biashara ya bara. Akakaa kimya kidogo, akaosha brashi, akauliza kama nyekundu ile niliyomwonya juu yake ingeruhusiwa mahali padogo kama hapo.