Maji ya Waendesha Baiskeli



Juma hili vijana wawili walitujia wakitaka kujua namna ya kujiandaa kwa mbio ndefu za baiskeli, zile ambazo mtu wa kawaida huruhusiwa kushiriki. Tuliwajibu mambo ya matairi, ya kunywa maji kabla ya kusikia kiu, na ya kulala mapema. Yaliyobaki ni marefu zaidi, na baadhi yenu mlituchangia nauli wakati ule, kwa hiyo tumeona tuyaandike hapa.

Mbio tunazozizungumzia ni zile za Cape Town, Afrika ya Kusini, zinazofanyika kwa kawaida Jumapili ya pili ya Machi. Zilianza mwaka 1978 zikiwa na waendeshaji 525. Siku hizi hujiandikisha watu makumi ya maelfu: mabingwa wachache mbele, na nyuma yao bahari ya wahasibu, wauguzi, wanafunzi na wazee wenye vitambi. Njia ni kilomita 109 kuizunguka rasi: unatoka katikati ya jiji kuelekea kusini, unapita Muizenberg na Simon's Town, unavuka upande wa pili wa rasi na kurudi kaskazini kwa barabara ya Chapman's Peak, iliyochongwa kwenye jabali juu ya bahari na kufunguliwa mwaka 1922. Una saa saba za kumaliza. Anayechelewa huokotwa na gari pamoja na baiskeli yake.

Tulikuwa wanne. Wazo lilikuwa la dada yetu muuguzi aliyewahi kusoma huko, lakini aliyelishika kama deni alikuwa Mwalimu, mstaafu wa hisabati mwenye miaka 64. Alfajiri za Jumamosi tulitoka Moshi mpaka Himo, kisha tukapanda Marangu kati ya migomba, huku watoto wakitukimbilia na kupiga kelele. Mwalimu alikuwa na daftari. Humo aliandika kila mlima wa Cape Town, urefu wake, mwinuko wake, na idadi ya kona. Tulimtania sana kwa daftari lile. Hata hivyo ni yeye aliyetufundisha kupokezana upepo: anayetangulia huukata, na aliye nyuma yake karibu na gurudumu huokoa sehemu kubwa ya nguvu. Kila dakika tano wa mbele alipisha pembeni na kurudi mkiani. Mwalimu hakukubali kuruka zamu yake hata siku magoti yalipomuuma.

Machi 2017 tulifika Cape Town na baiskeli zetu ndani ya maboksi. Misa tulisali Jumamosi jioni, tukalala saa mbili. Jumapili, tarehe 12, tuliamshwa na madirisha.

Upepo wa kusini-mashariki wanaujua vizuri kule, wala hauwashangazi. Ule wa siku ile uliwashangaza. Ulifikia kasi ya kilomita 100 kwa saa. Karibu na mahali pa kuanzia tuliona watu wazima wakiburuzwa na baiskeli zao. Wengine walizilalia chini kwa kifua kama mtu anayezuia mbuzi asitoroke. Baiskeli nyepesi, zile ambazo bei yake ingejenga nyumba huku kwetu, zilipaa kama magazeti. Makundi ya kwanza yalikwisha kuondoka lilipokuja tangazo: mbio zimefutwa.

Tungependa kusema kwamba kila mtu alilipokea kwa utulivu. Sivyo. Wapo waliofoka, na yupo mwanamume mmoja aliyeketi ukingoni mwa barabara akilia kwa sauti. Hatukumcheka. Mwalimu alikuwa ametumia sehemu ya kiinua mgongo chake, naye alijua kuliko sisi kwamba magoti yake hayana ahadi ya mwaka mwingine. Alilifunga daftari, akalitia mfukoni, akauliza kama kuna mahali pa kupata chai.

Tukiwa kwenye chai hiyo tulisikia habari ambayo jana yake, kwa kuhangaikia maboksi, tulikuwa tumeisikia kwa sikio moja tu. Moto ulikuwa umeteketeza sehemu kubwa ya Imizamo Yethu, makazi ya watu maskini huko Hout Bay, na maelfu ya watu walikuwa nje bila chochote. Waandaaji waliamua kwamba maji na vyakula vilivyowekwa tayari kwa waendeshaji vipelekwe kwa walioungua. Mezani petu palikuwa kimya kidogo. Kisha Mwalimu akasema, "Basi maji yangu yamepata mnywaji." Hakusema zaidi, wala hakuonekana kusema kwa kujilazimisha.

Jumatatu tulikwenda Hout Bay tukiwa na mablanketi manne na vile vyakula vikavu tulivyokuwa tumefungasha kwa ajili ya njiani. Kilima kilikuwa cheusi. Katikati ya majivu watu walikwisha kuanza kunyoosha mabati yaliyopinda na kuyagongelea upya, na sauti ya nyundo ilitoka kila upande. Mama mmoja alipokea blanketi, akauliza tumetoka wapi, na alipoambiwa Tanzania akatuuliza kama tumekula. Njia ya mbio inapita chini ya kilima hicho. Kama hali ya hewa ingekuwa nzuri, tungepita pale tukiwa tumeinamia usukani, tukiwaza mlima unaofuata.

Mwaka 2018 tulirudi, lakini bila Mwalimu. Daktari alikuwa amemkataza baiskeli kabisa. Alimpa baiskeli yake kijana fundi aliyekuwa akituzibia pancha, akamkabidhi na daftari, akamwambia asome kurasa zote kabla ya kupanda ndege. Safari hii jiji lilikuwa na ukame mkali. Tangu Februari mosi kila mkazi aliruhusiwa lita 50 za maji kwa siku, kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua. Nyumbani tulikofikia tulioga tukiwa tumesimama ndani ya beseni, na maji yale yakaenda chooni. Tulizijaza chupa zetu kwa aibu ambayo mwaka uliotangulia hatukuwa nayo.

Siku ya mbio, tarehe 11 Machi, tuliondoka salama. Kwenda kusini upepo ulikuwa usoni, nasi tukapokezana kama tulivyofundishwa. Kijana alikuwa na nguvu kutushinda sote, na tulimwambia mara tatu aende zake. Baada ya kuvuka mlima wa Smitswinkel alituaga. Chapman's Peak tuliipanda polepole, bahari ikiwa chini kushoto kwetu, dada muuguzi akihesabu kona kwa sauti mpaka waliotupita wakamwangalia mara mbili.

Kisha Hout Bay. Kwenye kilima kile tuliona mabati mapya yakimetameta. Tulinyoosha migongo tukatazama mpaka barabara ilipopinda. Baada ya hapo ndipo penye Suikerbossie, mlima wa mwisho wenye jina la kichaka cha maua matamu. Wengi waliteremka wakatembea. Sisi pia karibu na kilele tulikuwa tunayumba, na pale juu, kwenye kivuli chembamba, tulimkuta kijana amesimama na chupa mbili za maji mkononi. Alikuwa ametungoja kwa zaidi ya saa nzima. Tulipomuuliza sababu alisema daftari lina ukurasa kuhusu mlima ule, na Mwalimu ameandika pembeni: *hapa wasubiri wenzako*.

Tulimaliza kwa saa tano na dakika arobaini, tukampigia Mwalimu simu tukiwa bado tumevaa kofia ngumu. Hakuuliza muda.

"Kona za Chapman's Peak, mmezihesabu?"

"Mia moja na tisa, Mwalimu," akasema dada muuguzi.

"Ziko mia moja na kumi na nne. Mna deni la kona tano."

Kijana aliomba simu. "Shikamoo, Mwalimu," akasema. "Hizo tano nitarudi kuzihesabu mimi."