Nilivyogeuza Ploti 6 Ikawa 9

Wasee, leo si video ya kuchekesha. Leo nakiri dhambi.

Wanaonifuata kitambo wanajua niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imegoma. Kitu pekee nilichotoka nacho huko ni AutoCAD. Kabla kontenti ianze kunilipa, nilikuwa nachora ramani za ploti hapa Longonot, ndio nipate ya bando na ugali. Kazi haikukosa. Tangu reli ya SGR ifike pande hizi 2019, watu wengi wanataka kajisehemu kao, futi 50 kwa 100.

Siku moja broka akanitumia faili ya shamba lililokatwa ploti 12. Nikaifungua, maandishi yamepandana kama abiria wa matatu saa kumi na mbili jioni. Hiyo haikunitisha. Fonti ya aliyechora haikuwa kwa laptopu yangu, so AutoCAD ilikuwa imeweka ingine, pana zaidi. Unaandika STYLE, unachagua fonti uliyonayo, unamaliza na REGEN. Dakika moja.

Shida ya pili nilijiletea mwenyewe. Broka alitaka barabara ikae chini ya karatasi ndio wateja waelewe haraka. Nikachagua kila kitu, ROTATE, 180. Barabara ikashuka, lakini namba zote zikasimama kwa kichwa. Nikaanza kuzinyoosha moja moja. Yenye imepinduka nageuza, yenye inasomeka naacha. Saa saba usiku nikaangalia karatasi yote: fiti. Nikatuma, nikapokea 1,500 kwa M-Pesa, nikalala.

Rudi usome hiyo sentensi: yenye inasomeka naacha. 8 ikipinduka bado ni 8, haina neno. Lakini 6 ikipinduka inasomeka 9. Na 9 inasomeka 6. Zote mbili niliziacha.

Wiki mbili baadaye nikapigiwa simu na mama mmoja. Alikuwa amenunua ploti 9 kwa pesa ya chama, akaweka fundi achimbe mashimo ya fensi. Mashimo 14 yakiwa tayari, mwenye ploti 6 akatokea.

"Kijana wangu, hii karatasi ni yako?"

"Ndio, mama."

"Basi kuja unisomee."

Nilimkuta amesimama kwa jua, karatasi mkononi. Hakunitukana. Aliigeuza tu mbele yangu. "Nikisimama upande wa mlima ni tisa. Nikisimama upande wa reli ni sita. Mimi nililipia gani?"

Sikuwa na jibu. Saveya alikuja na ramani yake, akamwonyesha bikoni zake za kweli. Mashimo yakafukiwa. Siku ya pili ya fundi nililipa mimi.

Kinachoniuma ni kwamba mashine haikuwa imekosea. Ningebonyeza hiyo namba nikafungua Properties, ningeona Contents imeandikwa 6 na Rotation 180. Kompyuta ilijua ni sita imelala chali. Ni macho yangu yalisema tisa, na nikaamini macho.

Kwa hivyo mkigeuza mchoro, msinyooshe kwa macho. Kwenye Express Tools kuna TORIENT: chagua maandishi yote, bonyeza Enter, yote yanasimama sawa, hata yale yanayokudanganya. Ukitumia MIRROR, hakikisha MIRRTEXT ni 0, la sivyo maneno yanaweza kusomeka kama kwa kioo. Na usiache tarakimu peke yake. Andika "Ploti 6". Ama fanya kama mipira ya pool pale mtaani: 6 na 9 zina kistari chini. Hao waliona hii shida kitambo.

Kuna mtu ataandika hapa chini, "ndio maana ulitoka chuo." Sawa, lakini degree haingeniokoa usiku ule. Nilikuwa nachukulia maandishi kama urembo, kitu cha kupanga mwisho wakati umechoka. Kumbe mstari unakata shamba, lakini namba ndiyo inasema ni la nani.

Siku hizi kabla nitume ramani, naiprinti na kuigeuza juu chini, vile yule mama alifanya. Bado sijapata njia bora ya kukagua kazi yangu.