Doa Kwenye Picha Si Hukumu



Yaya wangu alikuwa amemaliza matibabu ya kanseri ya titi. Mwaka mmoja ukapita vizuri, halafu akaanza kukohoa na kukonda. Tukavuka mto kwa mtumbwi, akapigwa picha ya radio ya mapafu. Daktari akaonyesha doa upande wa juu, akasema: "Kanseri imefika huku."

Wakati wa kurudi Alunguli hakuna aliyefungua kinywa. Usiku ndugu wakaketi. Mmoja akauliza kama inafaa kuendelea kutafuta pesa za dawa. Mwingine akauliza watoto watakaa kwa nani. Yaya alikuwa nyuma ya mlango, anasikia yote.

Jirani yetu mmoja, mama aliyekuwa muuguzi zamani, ndiye aliyeuliza: "Makohozi yamepimwa?" Hayakuwa yamepimwa. Tukayapeleka kwenye mashine ya GeneXpert, ambayo hutoa jibu kwa muda wa saa 2 hivi. Kumbe ni kifua kikuu! Akameza dawa miezi 6, bila kuzilipia. Kikohozi kikaisha, mwili ukarudi. Kwenye picha ya pili, kovu dogo tu ndilo lilibaki.

Nilijifunza kwamba picha huonyesha kivuli, lakini haisemi kivuli ni cha nini. Kongo yetu ni moja ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu duniani. Kwa hiyo doa kwa mgonjwa wa kanseri linaweza kuwa kanseri kweli, lakini pia kifua kikuu, kovu la zamani, au nimonia. Hata chuchu ya titi, au misuko ya nywele iliyoshuka mabegani, huweza kuonekana kama doa. Ndiyo maana tunaambiwa tuinue nywele na kuvua mikufu.

Kinyume chake pia hutokea: mtu anameza dawa za kifua kikuu, kumbe ni kanseri inayokua. Makohozi yakiwa safi na doa likazidi, tuombe kipande cha nyama kikatwe na kupimwa.

Mama zangu, tutunze picha za zamani, tuende nazo, daktari azilinganishe na mpya. Na kabla ya kuanza kugawana watoto wa mtu aliye hai, tuulize kwanza: makohozi yamepimwa?