Uso wa Kijani

Bi mkubwa alinipa picha ya pasipoti, nyeusi na nyeupe, imekunjika kona. "Nichoree baba yako," akasema. "Nataka ya rangi, niitundike sebuleni." Ilikuwa mwezi wa nne tangu tumzike.

Mimi ni mchora vibao. Hapa Majengo, Dodoma, ukiona kichwa kilichonyolewa panki mlangoni kwa kinyozi, huenda ni kazi ya mkono wangu. Basi nikachanganya kahawia, nikachora. Pua yake, macho yake, lakini mzee mwenyewe hayupo! Kumbe nilikuwa nimechora ngozi tu.

Nikakumbuka kitabu kimoja chakavu cha michoro. Mwaka 1905, mjini Paris, Henri Matisse alionyesha picha ya mkewe, Amélie, amevaa kofia kubwa. Usoni kampaka kijani, kampaka njano. Watu wakacheka. Mhakiki Louis Vauxcelles akamfananisha yeye na wenzake na wanyama wa porini, na jina hilo likawaganda. Jamaa hakukoma. Mwaka huohuo akamchora tena mkewe, mstari wa kijani ukimshuka katikati ya uso, upande huu mwanga, upande huu kivuli. Hebu fikiri, msomaji mwenzangu: huyu ni mke aliyemwona kila asubuhi. Rangi ya ngozi yake aliijua. Alikuwa anatafuta kitu kingine.

Wala tusiseme ni mambo ya Wazungu. Panda basi la Kondoa, fika Kolo, upande kwenye miamba ile iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Utakuta watu wembamba, warefu, wamechorwa kwa rangi nyekundu. Nani amewahi kuona mtu mwekundu vile? Lakini ukiwatazama huulizi kama ni watu. Unajua.

Nikaanza upya. Baba alikuwa kibarua wa mashamba ya zabibu. Jioni alirudi na vumbi hadi kwenye kope, kwa hiyo upande mmoja nikampa wekundu wa udongo. Upande wa pili nikaweka kijani, kile cha mwanga unaopenya majani ya mizabibu, maana utotoni nilimpelekea chakula, nikamwona hivyo.

Baba mdogo alipoiona akafoka, "Kaka yangu umemfanya kinyonga? Marehemu huchezewi!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama hakusema neno. Alisogea, akagusa shavu la kijani kwa kidole, taratibu, kama anapangusa kitu.

"Hapa yuko shambani," akasema.

Sebuleni kwetu imetundikwa ile ya pasipoti, imekuzwa studio, mzee kakaza uso. Yangu iko chumbani kwa mama, mkabala na kitanda. Wageni hawataielewa, anasema. Sijamuuliza yeye anaona nini kila anapoamka.